Jela Kaenda Yeye, Risiti Ninazo Mimi

Mtoto wa dada yangu yuko jela hapa Marekani, na tangu afungwe amekuwa ghali kuliko alipokuwa huru. Akiwa nje alikuwa anakuja kwangu Jumapili, anakula, anafungua friji bila kuuliza, anaondoka na kilichobaki. Hasara yangu yote ilikuwa pilau na yale makopo ya plastiki ambayo hayakurudi. Sasa serikali ya jimbo inamlaza, inamlisha, inamvisha na kumlinda kwa bunduki, na bado mwisho wa mwezi nikikaa na kalamu naona hela iliyotoka ni yangu.

Alichofanya alifanya. Mahakamani alikiri, hakimu akamhesabia miaka yake, na sikuja hapa kumtetea. Jimbo lenyewe silitaji kwa jina, kwa sababu kijana bado yumo ndani na mimi bado natuma. Ninachonung'unikia ni hiki: kila nilichoweza kumpa bure kimepigwa marufuku kwa jina la usalama, halafu nikakikuta dukani kina bei.

Mama yangu, bibi yake kijana, yuko Tanga, na jela anayoijua ni ya kwetu. Wakati marehemu mjomba alipokuwa mahabusu, akisubiri kesi ambayo kila baada ya wiki mbili upelelezi wake ulikuwa haujakamilika, mama alikuwa anampelekea kapu: wali, samaki wa kukaanga, ndizi mbivu, kipande cha sabuni ya mche. Getini askari anamwambia aonje. Mama anaonja. Tonge la wali, mnofu wa samaki, tonge jingine kwa uhakika zaidi, mpaka askari mwenyewe anasema, "Mama, inatosha, mwachie na mgonjwa wako." Kapu linaingia.

Kwa hiyo akinipigia simu swali lake halibadiliki.

"Wewe si uko hukohuko? Mpelekee hata chapati."

"Mama, hawapokei chakula."

"Hawapokei, au hujapika?"

Ukimweleza kwamba huku hakuna kapu wala kuonja, kwamba ukifika getini na chapati utarudi nazo nyumbani, na ukizificha mwilini unaweza ukabaki humo humo na mwenyeji wako, anakaa kimya kidogo kisha anasema, "Basi watu wa huko hawajasomeshwa." Mama aliishia darasa la nne.

Chakula kiliposhindikana akaona bora aandike barua. Akaiandika kwa mkono wake, na kama wafanyavyo wanawake wa pwani kwa kitu wanachokienzi, akaifukiza udi. Ndani akatia maua ya asmini yaliyokauka. Ikaletwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka likizo, nikabandika stempu, nikaipeleka posta. Ikarudi. Juu yake fomu yenye visanduku, na kisanduku kimoja kimetiwa tiki: dutu isiyojulikana. Laiti ningemwona yule ofisa aliyeifungua ile bahasha. Pengine hajapata kunusa kitu kizuri namna ile tangu aajiriwe, akaogopa.

Ndipo nikasoma masharti kwa makini. Manukato hayaruhusiwi. Rangi ya mdomo hairuhusiwi, maana yake usiibusu barua. Kalamu za rangi za watoto, stika, kumetameta, kadi nene, kadi zinazopiga muziki, picha za kamera ile inayotoa picha papo hapo, vyote haviruhusiwi. Mtoto wa kaka yake alimchorea nyumba kwa kalamu za nta, nyumba ikarudi. Na sababu wanayo, sikatai: kuna dawa za kulevya za maabara ambazo watu huzinyunyizia karatasi, ikikauka hukatwa vipande ikavutwa. Barua ya mapenzi inageuka sigara. Hilo lipo na limeua watu.

Pennsylvania ndiyo iliyotia fora. Mwishoni mwa Agosti 2018, baada ya askari kadhaa kusema wameugua kwa kugusa dawa hizo, magereza yote ya jimbo yalifungwa kwa siku 12. Yalipofunguliwa, barua za kawaida zikawa haziendi tena gerezani, zinakwenda kwa kampuni moja huko St. Petersburg, Florida. Huko zinafunguliwa, zinapigwa picha, na nakala ndiyo inayomfikia mfungwa. Mama wa Philadelphia ambaye mwanawe amefungwa mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni kwake, barua yake inashuka kwanza pwani ya Florida kupunga upepo. Majimbo mengine yakaona jambo jema, yakafuata. Texas iliingia mwaka 2023. Jimbo letu nalo limo.

Na dawa bado zinakamatwa humo ndani. Februari 2016, kabla karatasi haijawa mtuhumiwa mkuu, waendesha mashtaka wa serikali kuu, baada ya uchunguzi wa FBI, waliwafungulia mashtaka huko Georgia askari magereza zaidi ya 40, waliokuwa kazini na waliokwisha kuacha, kwa rushwa na biashara ya dawa. Kati ya watuhumiwa hao sikusikia kuwa yumo bibi hata mmoja.

Mara ya pili mama aliandika bila udi, bila asmini, kwa wino mweusi, huku akilalamika kwamba amekuwa karani. Ikafika. Lakini mama huandika mpaka ukingoni mwa karatasi. Nafasi ikimwishia anazunguka pembeni kama anayeshona upindo wa kanga, na pembeni huko ndiko anakoweka mambo yenyewe: nani kafa, nani kaolewa, nani anakusalimu. Mashine ilikata kingo. Kijana akasoma kwenye kishikwambi cha gerezani, ambako nakala huingia, salamu za mwanzo, dua, habari za mvua za vuli, kisha: "Na jambo kubwa ambalo nilitaka nikuambie ni kwamba." Basi. Alinipigia simu kuuliza jambo hilo, na dakika za simu hiyo nilizilipia mimi.

Mama akauliza kama mjukuu ameiweka ile barua chini ya mto.

"Hapewi yenyewe, mama. Anapewa picha yake."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Inakaa huko siku kadhaa, kisha inachanwa."

Hapo mama alinikatia simu. Kwake, mtu anayechana barua yenye jina la Mwenyezi Mungu juu ya ukurasa hana haja ya kujadiliwa.

Ndiyo nikashauriwa niachane na karatasi, nitumie ujumbe wa kishikwambi. Ujumbe ni rahisi, unaandika kwenye simu yako kama unavyoandika WhatsApp, ila unanunua stempu. Stempu hazipo. Hazina gundi, hazina picha ya rais wala ya ndege, hakuna mtu wa posta anayepanda kilima nazo. Ni neno tu kwenye kioo, lakini zinauzwa kwa vifurushi, na kurasa zikizidi kiwango inaliwa stempu ya pili, na ukiambatisha picha inaliwa nyingine. Nikatuma picha ya harusi ya binamu yake. Ikakataliwa, na stempu haikurudi. Kisa, mjomba wetu mmoja kwenye picha amenyoosha vidole viwili, ishara ya chama chake huko nyumbani, na mkaguzi ameona alama ya genge. Mjomba ana miaka sabini na mbili na ugonjwa wa magoti. Nilipomwambia, alifurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo anajitambulisha vikaoni kama mtu anayeogopwa na Marekani.

Sasa pesa.

Zamani, naambiwa, uliweza kutia noti kwenye bahasha ukaomba Mungu. Sasa noti hairuhusiwi, na hundi yako binafsi kwa kawaida hairuhusiwi. Kwa wale walio kwenye magereza ya serikali kuu, mani oda ya posta inatumwa Des Moines, Iowa, hata kama mfungwa yuko California, ikiwa na jina lake kamili na namba yake ya tarakimu nane. Ukikosea tarakimu moja umemtajirisha asiyekujua, au hakuna aliyetajirika na mani oda inatangatanga. Njia nyepesi ni ya mtandaoni, na wepesi una ada. Ada zenyewe zimepangwa kwa namna ya ajabu: anayetuma kidogo ndiye anayeumia zaidi. Ukituma dola 20 unaweza ukakatwa tatu na ushee. Mwenye dola 200 za mkupuo anaumia kidogo, lakini mwenye dola 200 za mkupuo simfahamu katika foleni yetu sisi tunaolea wazee zamu ya usiku.

Halafu hizo 20 zikifika zinakatwa tena. Katika jimbo letu kuna madeni ya mahakama, ada ya hiki na kile, na kila hela inayoingia kwenye akaunti ya mfungwa inamegwa kabla hajaiona. Pennsylvania imeliandika jambo hili kwenye sheria: tangu mwaka 2020, angalau asilimia 25 ya kila kinachoingia, hata kama kimetumwa na bibi, inakwenda kulipa fidia na gharama za kesi. Fidia kwa aliyedhulumiwa naielewa, na naiunga mkono. Ninachouliza ni kwa nini bibi wa watu ndiye awe mlipaji.

Mtu atasema kijana si afanye kazi humo ndani? Anafanya. Anasugua sakafu ya jiko. Mishahara ya magereza ya nchi hii ni ya kuhesabiwa kwa senti. Pennsylvania kwa miaka mingi walianzia senti 19 kwa saa, na Texas na Georgia kazi nyingi za gerezani hazilipwi hata senti moja. Mtu wa senti 19 atafanya kazi zaidi ya saa tano kupata dola, na katika dola hiyo anunue dawa ya meno.

Kwa hiyo ukoo ukachangishana. Kundi letu la WhatsApp lina watu Tanga, Muheza, Dar es Salaam, Muscat na mmoja Norway ambaye huwa anaweka dole gumba tu. Mimi ndiye mweka hazina, cheo ambacho sikukigombea. Niliandika ujumbe wa adabu: naomba mchango wa kijana utumwe kwa namba hii, jina litakuja fulani. Simu yangu haikupumzika. Shangazi akapiga kuniuliza kama nimetekwa. Binamu wa Muheza akauweka ujumbe wangu kwenye kundi la mtaa wao na onyo kwa herufi kubwa kwamba matapeli sasa wanatumia habari za wafungwa. Mjomba wa vidole akaniandikia matusi yaliyopangika vizuri, akidhani anaongea na mwizi, na alipojua ni mimi hakuyafuta. Mwisho zikapatikana shilingi elfu hamsini, kama dola 20. Toa ada ya kutuma kutoka Tanga kuja kwangu, toa ada ya kutoka kwangu kwenda gerezani, toa kile kinachomegwa mlangoni. Kilichomfikia kijana kilinunua tambi za pakiti na sabuni, na ndugu wakataka risiti.

Hizo tambi nazo zina historia. Ni zile za pakiti ndogo, zinazochemshwa kwa dakika tatu na kuonja chumvi wiki nzima. Mwaka 2016 mtafiti Michael Gibson-Light alieleza jinsi zilivyokuwa pesa halisi katika gereza alilolichunguza, zikaipita sigara: unafuliwa nguo kwa tambi, unacheza kamari kwa tambi, unalipa deni kwa tambi. Na sababu aliyoitoa si kwamba ni tamu. Ni kwamba gereza lilibana matumizi, chakula cha jikoni kikapungua na kudorora, watu wakawa na njaa. Nikirudia kwa maneno ya mweka hazina: serikali ilipunguza ugali, ukoo ukanunua tambi, na duka linalouza tambi limepewa zabuni na serikali ileile.

Mama anaposikia kijana anakula tambi hunirudisha kwenye chapati. Namwambia kuna vifurushi. Unafungua katalogi ya muuzaji aliyeidhinishwa, unachagua kutoka vitu vilivyoidhinishwa, na kifurushi kinatoka kwenye ghala lake, wewe hukigusi. Kuna soksi. Kuna jibini la kupaka lisilohitaji friji, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka. Kuna redio ya plastiki angavu inayoonyesha nyaya zake zote, ili usifiche kitu ndani. Nilipomtumia, kijana alisema ndicho kitu pekee humo kisichokuwa na siri. Halua ya Tanga hakuna. Kashata hakuna. New York ilikuwa miongoni mwa majimbo machache yaliyobaki ambako mke au mama aliweza kufika na chakula chake mkononi, matunda na mboga mbichi, na hata huko mwaka 2022 waliamua chakula kitoke kwa wauzaji tu. Ukisoma maelezo yao ni yaleyale ya usalama. Apple lililochumwa na mama lina hatari ambayo jibini la ghalani halina.

Vitabu ndiyo kabisa. Mama alikuwa na nakala yake ya Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambaye watu wa Tanga tunamhesabu kama jirani, imefungwa kwa gazeti na jina la marehemu baba ndani. Aliitaka imfikie mjukuu. Kitabu kilichotumika hakipokelewi. Lazima kiwe kipya, kitoke kwa mchapishaji au duka la vitabu, na mahali pengi kisiwe na jalada gumu. Nikatafuta duka la Marekani lenye Shaaban Robert mpya na lililo tayari kumtuma gerezani. Nilipata riwaya nyingi za mapenzi zenye wanaume wasio na mashati jaladani, hizo zilikuwa tayari kwenda siku hiyohiyo.

Imebaki simu, na kwa simu nina deni la shukrani kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Martha Wright alikuwa bibi kipofu, muuguzi mstaafu wa Washington, ambaye mjukuu wake alifungwa majimbo ya mbali. Gharama za kuongea naye zikamshinda, na mwaka 2000 akafungua kesi. Alikufa kabla mambo hayajaisha. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Januari 2023, ikaipa FCC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, nguvu ya kudhibiti bei za simu za magerezani. Julai 2024 mamlaka hiyo ikapanga viwango vipya vya chini. Juni 2025 ikaahirisha utekelezaji wake. Mama alipoambiwa neno kuahirishwa, hakushangaa hata kidogo. Alisema kumbe na huko upelelezi haujakamilika.

Simu yenyewe, kwa asiyeijua, ni dakika 15. Inaanza na sauti ya mashine ikikuambia unaongea na mfungwa na kwamba unarekodiwa, na katikati sauti ile hurudi tena kukukumbusha, pengine umesahau. Kumuunganisha mtu wa tatu ni kosa, mtambo ukihisi unakata. Kwa hiyo ilibidi mama aandikishwe kivyake, namba ya nje ya nchi, kwa bei ya nje ya nchi. Ile siku ya kwanza nilimsihi: mama, fanya haraka. Akaanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Hajambo. Umeamkaje? Kwema. Wenzako wote huko hawajambo? Akajibu hawajambo, ingawa wenzake huko ni wafungwa mia nane. Na wakubwa wenu? Hawajambo. Umekula? Amekula. Umekula nini? Tambi. Hapo tukapoteza dakika nyingi. Halafu akaanza kumtolea salamu za jirani mmoja mmoja kuanzia mwanzo wa mtaa, na walipofika msikitini simu ikakata. Lile jambo kubwa la ukingoni mwa barua halikusemwa. Nilikuja kuambiwa mimi baadaye: mbuzi kazaa mapacha.

Haya yote yanaweza kuwa vinginevyo. Connecticut ilifanya simu za wafungwa kuwa bure mwaka 2022, ya kwanza kati ya majimbo yote. California ikafuata Januari 2023, kisha Minnesota, kisha Massachusetts. Magereza yao hayajaanguka. Jimbo letu halimo kwenye orodha, na mbunge wa eneo langu, nilipomwandikia, alinijibu barua nzuri ya kunishukuru kwa kujali.

Basi ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Muscat na wewe wa Norway: mchango wa mwezi huu haujatimia. Namba ni ileile. Si matapeli, ni mimi.